Mstari wa laisini

Kinu cha mjomba kiko pembeni mwa mji wa Morogoro, kwenye banda la bati ambalo saa saba mchana huwezi kuegemea ukuta wake. Mna mashine moja ya kuparaza, pipa la kuchanganyia, mizani ya jukwaa, na viroba vimepangwa hadi darini. Nilifika pale nikiwa nimemaliza chuo, nina shahada ya takwimu na sina kazi. Mjomba akaniambia, "Njoo unishikie vitabu, mjomba. Huku unatafuta kazi, na kazi yenyewe si hii?"

Kwenye nguzo ya banda palikuwa na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji kimepigiliwa misumari. Ndiyo fomula ya chakula cha kuku wa mayai. Kwa kila kilo 100: mahindi 61, mashudu ya alizeti 15, dagaa 14, na kilo 10 zilizobaki ni chokaa, mifupa, chumvi na premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini. Aliiandika mzee mmoja tuliyemwita Babu, ambaye amechanganya chakula cha mifugo tangu mimi sijazaliwa. Wiki ya kwanza nilimwamkia, akaitika marahaba, nikamuuliza kwa nini dagaa ni 14 na si 10 wala 18.

"Kwa sababu kuku wanataga," akasema, akarudi kwenye koleo lake.

Mimi nilikuwa natafuta jibu lenye namba, kwa hiyo hilo lilinipita.

Wafugaji wengi hupanga chakula kwa mraba wa Pearson, ule ambao mabwana mifugo huwachorea kwenye semina. Unaandika protini ya mahindi, asilimia 9, juu kushoto. Chini yake unaandika protini ya mashudu, 28, na katikati unaweka unachotaka, 17. Unatoa kwa mshazari: 28 kutoa 17 ni 11, 17 kutoa 9 ni 8. Basi sehemu 11 za mahindi kwa sehemu 8 za mashudu, na protini inatimia 17 barabara. Ni hesabu nzuri, na mtu asiyekwenda shule sana anaielewa kwa dakika tano. Lakini hapo mashudu yamefika asilimia 42 ya mchanganyiko, na mashudu yetu ya alizeti yamejaa maganda. Kuku atashiba nyuzinyuzi. Halafu mraba haujui bei, na ukiwa na vitu vitatu au vinne vya kuchanganya unakuacha njiani.

Nilikumbuka kidato cha nne. Kila aliyesoma hisabati kwenye sekondari zetu amewahi kukutana na yule fundi seremala anayetengeneza meza na viti, ana mbao kadhaa na saa kadhaa, anataka faida kubwa kabisa. Unachora mistari kwenye karatasi ya grafu, unatia kivuli upande usiotakiwa, linabaki eneo jeupe lenye kona, unajaribu kila kona. Tulifanya kwa ajili ya mtihani, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba lile somo ni mlango wa fani nzima, utafiti wa uendeshaji (kwa Kiingereza operations research), ambayo watu huitumia kupanga ndege, kugawa maji ya bwawa na kuamua dawa ngapi zikae kwenye bohari ipi. Na hakuna aliyetuambia kwamba yule seremala ni mjomba.

Kuunda modeli ya uamuzi ni kujibu maswali matatu kwa namba. Mkononi mwako kuna nini cha kuamua? Unataka nini kipungue au kiongezeke? Nini kinakubana? Kwetu sisi cha kuamua kilikuwa kilo za mahindi, kilo za mashudu na kilo za dagaa. Tulitaka gharama ipungue. Bei za wakati ule mahindi yalikuwa shilingi 800 kwa kilo, mashudu 700, dagaa 2,500. Masharti nikayaandika hivi, kwa kila kilo 100:

Mahindi + mashudu + dagaa = 90.
9 × mahindi + 28 × mashudu + 55 × dagaa, isipungue 1,700. Hiyo ni protini ya asilimia 17.
2 × mahindi + 25 × mashudu + 1 × dagaa, isizidi 700. Hizo ni nyuzinyuzi, mwisho asilimia 7.

Nishati, kalisi na fosfora nazo nilikuwa nazo kwenye jedwali, lakini hazikubana, kwa hiyo siziandiki hapa. Vitu vikiwa vitatu, karatasi ya grafu haitoshi tena. Kazi hiyo hufanywa na njia iitwayo simpleksi, aliyoibuni Mmarekani George Dantzig mwaka 1947. Inatoka kona moja ya lile eneo jeupe kwenda kona jirani iliyo nafuu zaidi, na inasimama ikiona majirani wote ni ghali kuliko pale ilipo. Imo ndani ya Excel, kwenye kitufe kinachoitwa Solver, na mtu yeyote mwenye Excel kwenye kompyuta yake anaweza kuitumia.

Nilibonyeza. Nikakadiria kwenda namba kamili: mahindi 57, mashudu 23, dagaa 10. Protini 1,707. Nyuzinyuzi 699. Gharama shilingi 86,700, wakati fomula ya kwenye nguzo ilikuwa 94,300. Tofauti ni 7,600 kwa kila kilo 100, na sisi tulikuwa tunachanganya kama tani moja kwa siku. Shilingi 76,000 kila siku! Mjomba alizisoma zile namba mara tatu, akavua miwani.

Kitu kilichonifurahisha kuliko hata zile pesa ni bei kivuli. Solver ikimaliza hukupa ripoti inayosema kila sharti linakugharimu kiasi gani. Kwetu ilisema kwamba laiti nyuzinyuzi zingeruhusiwa kufika asilimia 8 badala ya 7, kila kilo 100 zingepungua gharama kwa kama shilingi 3,400. Hiyo namba haiko sokoni, hakuna anayeiuza, lakini inakwambia uhangaike wapi. Inakwambia kwamba mtu akikuletea mashudu yenye maganda machache, mlipe zaidi, na wewe bado utakuwa umepata. Mpaka leo nikionyeshwa mpango wowote, huanza kuuliza ni sharti gani linaubana na linakula kiasi gani.

Tulibandua karatasi ya Babu, tukabandika yangu. Babu aliitazama, akaniuliza, "Dagaa kumi?" Nikamwambia hesabu imetoka hivyo. Hakusema neno. Alichukua ndoo, akaanza kupima kumi.

Simu zilianza wiki ya nne. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye kuku 300, ambaye alizoea kuokota trei 8 kwa siku. Alinipigia asubuhi kwa upole: "Dada, samahani, mmebadilisha chakula? Mayai yamekuwa madogo, na jana nimepata trei 7 hazijatimia." Nikamwambia nitaangalia. Kesho yake akapiga mwingine, tena mwingine. Mmoja hakupiga. Alikuja na kiroba chake kilichofunguliwa, akakiweka mlangoni, akaomba arudishiwe hela. Nilimrudishia. Yule mama mwenye kuku 300 alikuwa anasomesha watoto wawili kwa mayai yale, na mimi ndiye niliyempunguzia trei moja kila siku kwa hesabu ambayo nilikuwa na uhakika nayo kabisa. Sikulala.

Nilipitia jedwali lote, sikuona kosa la kujumlisha. Babu ndiye aliyeniambia, "Njoo huku." Alikuwa amejaza ndoo maji. Akachota dagaa kwenye kiroba, kilo moja kwenye mizani, akawatumbukiza, akakoroga kwa mkono taratibu kama mtu anayeosha mchele. Dagaa wakaelea. Akawatoa kwa chujio. Akamwaga maji kidogo kidogo mpaka chini ya ndoo pakabaki tope la kijivu lenye chembe zinazong'aa. Tulilianika juu ya bati, jua la Morogoro likalikausha ndani ya saa moja. Ule mchanga ulikuwa na uzito wa robo kilo.

Dagaa wengi wa ziwani huanikwa mchangani ufukweni, na wanapokusanywa huja na mchanga wao. Wale wa kwenye chanja huwa safi. Wetu tuliwanunua kwa bei ya dagaa, na robo ya kila kiroba ilikuwa ufukwe. Namba yangu ya 55 ilitoka kwenye jedwali la kitabu, na kwenye kitabu hakuna mchanga.

Nikadhani nimepata jibu. Nikakaa nikarudia hesabu ya protini nikiwa na dagaa wenye robo mchanga, yaani 41.25 badala ya 55. Fomula ya Babu ilinipa protini ya asilimia 15.5. Yangu ikanipa 15.7. Yangu ilikuwa juu! Mchanga ulikuwepo miaka yote, kuku wa fomula ya Babu walitaga, wa kwangu wakapunguza. Protini peke yake haikuweza kulieleza jambo hilo.

Nilibeba daftari nikaenda kwa daktari wa mifugo anayehudumia wateja wetu. Alisoma masharti yangu kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akauliza, "Laisini umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka popote.

Akanieleza kwamba kuku hahitaji protini kama protini. Anahitaji vijenzi vyake, na laisini ni kimojawapo ambacho mwili wa kuku hauwezi kujitengenezea. Mahindi yana laisini kidogo sana, kama 0.25 kwa mia. Mashudu ya alizeti yana kama 1. Dagaa safi wana kama 4. Mimi nilikuwa nimeondoa dagaa na kuweka mashudu, protini kwa protini, kana kwamba ni kitu kimoja. Tulihesabu pale pale mezani kwake, tukiwapa dagaa wa robo mchanga laisini ya 3. Fomula ya Babu: 0.72. Yangu: 0.67. Akasema kwa kuku wanaotaga nisishuke chini ya 0.7, na kama naweza nilenge 0.8.

Niliporudi nilimwendea Babu, nikamsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo kumbe alikuwa amenyamaza nalo siku ile nilipobandika karatasi yangu: "Mwanangu, zile kilo kumi na nne, kumi za kuku, nne za mchanga."

Nilikwenda kupiga hesabu. Ukitoa robo kwenye 14 unabaki na 10.5. Na nilipoweka mstari wa laisini kwenye Solver nikalenga 0.8 kwa dagaa safi, jibu lilikuja 10.7. Mzee huyu hajawahi kusikia neno laisini. Alikuwa ameifikia kona ileile kwa kutazama mayai kwa miaka mingi, akapunguza hapa, akaongeza pale, akaona wateja wanarudi au hawarudi. Nilitoka nje nikasimama kidogo kwenye kivuli cha mwembe.

Baadaye nilisoma kwamba lilinikuta jambo ambalo limewakuta waliotangulia. Mchumi George Stigler mwaka 1945 alichapa swali la mlo: mtu mzima Mmarekani anaweza kula kwa bei ndogo kiasi gani kwa mwaka na bado apate virutubisho 9 muhimu? Alikuwa na vyakula 77, akakisia kwa akili na kalamu hadi dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za 1939. Mwaka 1947 lile swali lilitumika kuijaribu simpleksi. Makarani 9 wenye mashine za kujumlishia walilifanyia kazi siku 120 za mtu mmoja, wakapata dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea senti 24 tu. Lakini mlo wenyewe ulikuwa unga wa ngano, kabichi, spinachi, maharage na maziwa ya kopo. Mstari wa "watu watakubali kula" haukuwemo.

Dantzig mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliambiwa na daktari apunguze uzito, akaamua kujipangia mlo kwa kompyuta. Alitaka mlo unaoshibisha, na kipimo chake cha kushiba kilikuwa uzito wa chakula ukitoa maji yaliyomo. Kompyuta ikamwambia anywe galoni 500 za siki, kwa sababu kwenye jedwali siki iliandikwa haina maji. Alipoiondoa siki, siku iliyofuata ikamwagiza vipande 200 vya supu kavu kwa siku. Aliyeyusha vichache tu kwenye maji ya moto akatema, chumvi tupu. Ndipo akaweka ukomo wa vipande. Kompyuta haikukosea hata mara moja kati ya hizo, ilijibu kilichoandikwa. Yeye alijua mambo mengi kuhusu supu ambayo hakuwahi kufikiria kuyaandika, na ndivyo ilivyo kwetu sote: masharti tunayoyajua sana ndiyo tunayoyasahau kwenye karatasi.

Tulifanya mambo mawili. La kwanza, tuliacha kununua dagaa wa mchangani. Dagaa wa chanja walikuwa shilingi 2,700 kwa kilo, na mjomba mwanzoni alikataa katakata: "Yaani niongeze mia mbili?" Nikamwonyesha kwenye kikokotozi cha simu: kilo ya 2,500 yenye robo mchanga maana yake kilo nzima ya dagaa halisi unaipata kwa 3,333. Alikuwa ananunua dagaa ghali kuliko wote sokoni akidhani amepata wa bei nafuu. La pili, niliongeza mstari wa laisini. Fomula mpya ikatoka: mahindi 56, mashudu 23, dagaa safi 11. Laisini 0.81, protini 17.5, nyuzinyuzi chini ya 7. Gharama 90,600. Ile akiba ya 7,600 imeshuka hadi 3,700, karibu nusu, na hiyo nusu ndiyo ilikuwa ya kweli. Ile nyingine tulikuwa tunaichukua kwenye trei za yule mama.

Nilimpelekea viroba viwili bila malipo. Baada ya majuma matatu akapiga kuniambia trei zimerudi 8, na mayai yanajaa kwenye mashimo ya trei.

Kuna jambo moja kuhusu fani hii ambalo napenda wanaoianza walijue, kwa sababu vitabu vinalipita haraka. Jina lake limetokana na operesheni za kijeshi. Kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliwachukua wanasayansi wakawapeleka kwenye rada, ndege na meli, wakae na wapiganaji na kuhesabu yanayotokea. Mmoja wao alikuwa mwanafizikia Patrick Blackett. Kikosi chake kilikuta desturi ya kusafirisha meli za mizigo katika misafara midogo, kwa hofu kwamba msafara mkubwa utaangamia wote. Walipohesabu waliona idadi ya meli zinazozama haitegemei ukubwa wa msafara. Na mzingo wa msafara wa meli 80 unazidi wa meli 40 kwa sehemu moja tu ya saba, kwa hiyo wasindikizaji walewale, wakiongezwa kidogo, wanaulinda. Hesabu ile ni ya darasani, lakini data yake ilitoka baharini kwa watu waliorudi wamelowa. Fani ilizaliwa kwenye rada na juu ya sitaha za meli. Mimi nilianzia kwenye kompyuta, na kwa wiki nne kuku wa watu walilipia.

Sasa lori likifika, Babu anatangulia na ndoo. Kilo moja kutoka kiroba cha juu, moja kutoka katikati, moja kutoka chini, maana cha juu huwa ndicho kilichopambwa. Mchanga unaanikwa, unapimwa, ananitajia uzito kwa sauti nami naandika kwenye safu ya dagaa, kisha nabonyeza upya. Ikitoka namba inayomshangaza, anauliza, na sibandiki karatasi hadi mmoja wetu aelewe kwa nini.

Juzi mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye milima ya Uluguru na mahindi ya kwanza ya msimu yamefika. Babu alichota kiganja, akakibana, akakiachia. Punje hazikumwagika zote, nyingine zilibaki zimeganda kwenye ngozi yake.

"Hiyo 800 yako," akaniuliza, "ni ya mahindi au ya mahindi na mvua?"

Kwenye jedwali hapakuwa na unyevu. Wala sumukuvu, ambayo huja na mahindi yaliyohifadhiwa mabichi. Nilirudi ofisini, nikafungua kompyuta, nikaingiza mstari mpya juu ya ule wa laisini, nikamwita aje anitajie ni mahindi ya aina gani yeye huyakataa, na huyajuaje.